Naenda Seattle Septemba: hiki kipupwe cha Nairobi kinatosha kunizoeza?

BintiMtwapa (mwenye uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Naandika nikiwa ndani ya blanketi, South B, saa nne asubuhi, taa ya chumbani nimewasha. Leo siku ya tisa sijaliona jua. Nguo nilizofua Jumamosi ziko kwenye kamba mpaka leo na zimeanza kunuka uvundo. Mimi mtu wa Mtwapa, Nairobi nimekuja miaka mitatu sasa, na kila Julai naapa kwamba sikai tena mwingine.

Sasa sikieni kisa. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Seattle, jimbo la Washington, kule Marekani karibu na mpaka wa Kanada. Naondoka katikati ya Septemba. Kila ninayemwambia anaguna kwanza, ndipo ananipongeza. "Ule mji wa mvua?" Binamu yangu anasema mvua kule hainyeshi, ni mpangaji.

Aliyeishi huko anieleze. Picha za theluji nimeziona, msinitumie. Nataka kujua Jumanne ya kawaida tu, mwezi wa Novemba, inakuwaje. Na je, mtu aliyevumilia Julai tatu za Nairobi anaweza kusema ameshazoea?

Gambuti_Kayole

Digrii 12 mnalia. Nenda ndio utajua hujui.

Karanga_Moto

Mtu kauliza vizuri, wewe unakuja na vitisho. Pita basi.

MrejeaUmoja

Dada, nilikaa kule miaka tisa, Kent, kusini kidogo mwa Seattle. Ukienda Kent, Renton, Tukwila, Kiswahili utakisikia dukani. Nilirudi 2022, sasa niko Umoja.

Nikuondolee hofu ya baridi kwanza. Wallahi sijawahi kutetemeka Kent kama ninavyotetemeka sebuleni kwangu usiku huu. Januari kule mchana ni digrii nane au tisa, usiku tatu hivi. Theluji ni siku chache kwa mwaka, na ikianguka mji mzima unababaika kwa sababu una vilima na wenyeji hawajui kuendesha gari juu yake. Lakini baridi hiyo inaishia mlangoni. Ukiingia ndani kuna kipasha joto, unavua sweta, unatembea na soksi. Hapa kwetu baridi inaingia na wewe. Inakaa kwenye ukuta wa mawe, kwenye vigae vya sakafu, kwenye kiti cha choo. Kuna asubuhi natoka nje ili nipate joto!

Mvua nayo, hapa ndipo watu hupigwa chenga. Seattle hupata milimita 950 hadi 1,000 kwa mwaka. Nairobi ni papo hapo. Naam, mji wetu huu na "ule mji wa mvua" vinakaribiana kabisa. Tofauti ni mgao. Sisi tunamwagiwa kwa karai: mnakumbuka Aprili 2024, Mathare ilivyokuwa. Wao wanapewa kwa kijiko cha chai, siku kama 150 kwa mwaka, nyingi zikiwa kati ya Oktoba na Mei. Ngurumo ni nadra. Ni rasharasha, manyunyu, ile hali ambayo hapa mama mboga hajisumbui hata kufunika nyanya zake. Wenyeji wengi hawabebi mwavuli. Ukimwona mtu na mwavuli, mara nyingi ni mgeni.

Kilichonishinda mimi si baridi wala mvua. Ni mwanga. Nitarudi kueleza, simu ina asilimia tatu.

BintiMtwapa

Milimita sawa na Nairobi? Hiyo sikuitarajia hata kidogo. Chomeka simu haraka kaka!

KaraniWaMawingu

Anavyosema ndugu wa Umoja ni kweli. Niongeze kwa nini hizi siku zetu za Julai zinafanana na za kule kwa macho lakini si kwa undani.

Mwezi huu kusi linavuma. Linaleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hewa inapanda miinuko mpaka huku kwetu, mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, inapoa, inakuwa wingu. Juu ya wingu hilo kuna hewa kavu yenye joto zaidi, imekaa kama kifuniko cha sufuria. Wingu haliwezi kupanda likawa mvua ya maana, na halina pa kwenda. Kwa hiyo linatanda. Ndiyo maana Julai, pamoja na kununa kwake kote, ni miongoni mwa miezi mikavu kabisa Nairobi. Siku nzuri wingu linapasuka alasiri. Siku mbaya halipasuki.

Seattle mambo ni mengine. Kuanzia Oktoba, pepo za magharibi zinaleta mifumo ya mvua kutoka Bahari ya Pasifiki, mmoja ukiondoka mwingine uko mlangoni. Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau, urefu wa jua angani. Nairobi iko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta. Hata katikati ya Julai, saa sita na nusu mchana, jua liko digrii 67 hivi juu ya upeo. Hulioni, lakini liko pale juu ya blanketi, na mwanga unapenya. Seattle iko digrii 47 na nusu kaskazini. Desemba, jua likifika juu kabisa, ni digrii 19 tu. Linapita pembeni kama mwizi. Sasa juu ya jua hilo weka wingu.

Kwa hiyo jibu la swali lako, kwa maoni yangu: hapana. Kipupwe cha Nairobi kinakuzoeza kuvaa sweta tu.

MzeeWaTigoni

Wanangu, mnaiita hiyo baridi? Njooni Tigoni, saa kumi na mbili asubuhi, uone wachuma chai wanavyopotelea kwenye ukungu, mtu unasikia kikohozi chake tu. Sisi huku huu msimu tunauita gathano. Maji ya bomba yanauma meno.

Binti, dawa yangu ya gathano ni moja, na ninaitumia tangu nikiwa kijana. Wingu likinilemea siku nyingi, napanda matatu ya Mai Mahiu. Unapita Limuru kwenye ukungu, hata dereva haoni vizuri, halafu ukianza kuteremka Bonde la Ufa, wingu linabaki nyuma kwenye ukingo. Chini kule jua linawaka, mlima Longonot unauona wote. Nashuka, nanunua mahindi ya kuchoma, naota jua saa mbili, narudi. Mke wangu alidhani nina mtu huko.

Karanga_Moto

😂😂 Mzee Shikamoo. Na kweli hukuwa na mtu?

MzeeWaTigoni

Marahaba. Nilikuwa na mahindi.

MrejeaUmoja

Nimerudi. Mzee kanikumbusha: kule nako kuna "Mai Mahiu". Mashariki ya Seattle kuna milima ya Cascade, inazuia mvua. Ukivuka kwa barabara ya I-90 kupitia Snoqualmie, nchi inageuka kuwa kavu na ya kahawia, kama unaelekea Magadi. Yakima hupata milimita 200 tu kwa mwaka. Kuanzia Aprili tulikuwa tukiwasha gari Jumapili, tunavuka kwenda kuota jua, tunarudi. Ila Desemba usidanganyike, mara nyingi ukungu wa baridi hukaa kwenye mabonde ya huko na kuna theluji njiani.

Sasa mwanga. Nieleze kwa saa, kwa sababu saa ndiyo iliyonivuruga.

Saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya jua la huku. Linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, tunaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili. Linazama saa kumi na mbili na nusu, tunaanza tena. Mwaka mzima urefu wa mchana unabadilika kwa dakika kumi tu, hakuna anayeona. Sisi tukisema "saa kumi na moja jioni", hilo neno jioni lina rangi yake: kuna watoto wanacheza mpira, kuna moshi wa mandazi.

Kule hesabu inavunjika. Desemba 21 jua linachomoza saa mbili kasoro dakika tano, na linazama saa kumi na dakika ishirini. Saa kumi! Hapa watoto ndio wanatoka shule. Nilifanya kazi kwenye ghala lisilo na dirisha. Naingia giza, natoka giza. Jua lilikuwa la Jumamosi na Jumapili, kama nyama, na Jumamosi yenyewe kuna wingu. Mwaka wa kwanza sikujua kinachonipata. Nilikuwa nalala saa kumi na moja kwa siku, naamka nimechoka, nakula wali sahani mbili, simu ya nyumbani naiona inaita naiacha. Nilidhani ni uvivu. Mama akadhani nimeoa huko na sitaki kusema.

Na kuna siku moja ya kujiandaa nayo: Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma. Jumamosi jua limezama saa kumi na mbili kasoro, Jumapili linazama saa kumi na moja kasoro. Unaibiwa jioni nzima ukiwa umelala.

NesiZamuYaUsiku

MrejeaUmoja, hilo halikuwa uvivu. Ni sonona ya majira, na lina jina katika tiba tangu 1984, walipoieleza Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani. Kulala kupita kiasi, hamu ya wanga, kujitenga, na dalili zinarudi kila mwaka msimu ule ule kisha zinaondoka jua likirudi. Umeeleza karibu kama kitabu.

Dada, kuna taa maalumu za mwanga mkali, za lux 10,000. Mtu anakaa mbele yake dakika 20 hadi 30 asubuhi, mara tu baada ya kuamka, huku anakunywa chai au anasoma. Hutazami taa yenyewe, unaiweka kando kidogo. Mwenye ugonjwa wa macho au historia ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi amwone daktari kwanza. Usingoje Desemba, anza majani yakianza kudondoka.

Pili, vitamini D. Ngozi zetu zinahitaji jua zaidi kuitengeneza, na kule majira ya baridi jua lenyewe halina nguvu hiyo, hata ukitoka nje ukiwa umevaa kaptura. Omba kipimo cha damu ukifika, upewe kiasi kinachokufaa. Usimeze tu kwa sababu shangazi wa mtu alisema.

Na kwa mlioko huku, hata kama si mada: jiko la makaa lisilale ndani na watu. Kila Julai tunawapokea. Ile hewa ya makaa haina harufu, mtu anasinzia tu. Toeni jiko nje kabla ya kulala, mjifunike.

Karanga_Moto

Hilo la jiko libandikwe juu kabisa. Jirani wetu mwaka jana tulivunja mlango. Alipona.

FunguaBelo_Toi

Habari zenu. Mimi nauza makoti ya mitumba soko la Toi, Nairobi. Wasafiri naona wengi mwezi huu na karibu wote wanakosea namna moja: wananunua koti zito la sufi, refu, kama la balozi. Ukienda Chicago sawa. Seattle ya manyunyu, sufi inakunywa maji, saa sita umebeba kondoo mzima mgongoni.

Tafuta jaketi jepesi la mvua lenye kofia, ndani unavaa sweta mbili nyembamba. Namna ya kukagua: ligeuze ndani nje, utazame mishono. Lazima uone utepe umebandikwa juu ya kila mshono. Kama utepe unabanduka, achana nalo, maji yatapita hapo. Halafu mwaga maji kidogo begani. Yakitiririka kama kwenye jani la mgomba, sawa. Yakinyonywa, hiyo ni fagia, yaani mtumba duni, hata kama zipu inang'aa.

Njoo siku ninayofungua belo, alfajiri, uchukue kamera, yaani zile nguo bora za belo, kabla wenye maduka hawajafika. Mengi yanatoka huko huko Marekani. Unalirudisha kwao tu.

BintiMtwapa

Nesi, asante sana, nimeandika yote. FunguaBelo, Jumatano niko hapo, usinipandishie bei kwa sababu ya lafudhi ya pwani.

Swali lingine jamani. Kiangazi je? Maana naona wote mnaongelea giza.

MrejeaUmoja

Kiangazi cha kule, dada, ndicho kinachowafanya watu wasihame. Wenyeji hutania kwamba kinaanza Julai 5, kwa sababu sikukuu yao ya uhuru, Julai 4, haikosi wingu. Kuanzia hapo mpaka katikati ya Septemba ni anga safi, digrii 25 au 26, hakuna unyevu, mvua hakuna. Julai yao ina joto kuliko Julai yetu! Na jua, mwisho wa Juni, linazama saa tatu na dakika kumi na moja za usiku. Hapo tena saa ya Kiswahili inakosa la kusema. Utaitaje saa tatu usiku wakati watu wanacheza mpira bila taa?

Watu wanakuwa kama wendawazimu. Ofisi zinabaki tupu Ijumaa mchana, kila nyasi ina mtu amelala kama mjusi. Mwanzoni nilicheka. Mwaka wa tatu nilikuwa nimelala nao.

Kuna mlima kule, Rainier, mita 4,392, una theluji mwaka mzima. Miezi na miezi hauonekani, halafu siku moja unageuka kwenye barabara na uko pale, mkubwa kiasi kwamba unaudhi. Wanasema "mlima umetoka", na kila mtu kazini anajua maana yake. Hapa Nairobi nikiamka siku safi nikauona Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, kwa mbali, kabla ya moshi wa magari, nasema hivyo hivyo, mlima umetoka. Mke wangu hanielewi.

Ila kisizidi kuwa pepo: Juni 28, 2021 ilifika digrii 42, na nyumba nyingi hazikuwa na kiyoyozi kwa sababu hazikuwahi kukihitaji. Nililala bafuni kwenye vigae. Na miaka mingine mwisho wa kiangazi moshi wa moto wa misitu unafunika mji. Septemba 2020 tulifunga madirisha siku nyingi. Kiangazi chenyewe ni miezi miwili na nusu, ukiondoa moshi unabaki na nini?

UstadhiSouthC

Kwa Waislamu, dada, ujue pia ratiba. Ramadhani ya 2018 iliangukia Mei na Juni. Ndugu yangu alifunga huko, alfajiri saa tisa na kitu usiku mpaka magharibi saa tatu usiku. Saa kumi na nane, na isha baada ya saa tano. Sasa Ramadhani imesogea majira ya baridi, mchana ni mfupi, mtafuturu mapema. Kila msiba na heri yake.

Gambuti_Kayole

Haya. Nilijibu kwa dharau pale juu kwa hiyo nirekebishe. Mimi nilikaa Glasgow msimu mmoja wa baridi, Desemba mchana ni saa saba tu. Sikumaliza mkataba. Nyumbani niliwaambia kampuni ilifunga.

Kitu kimoja ambacho ningefanya tofauti: ningetoka nje kila siku saa sita mchana, hata dakika ishirini, hata kunyeshe. Mimi nilikuwa nasubiri mvua ikatike. Haikatiki. Ukisubiri utakaa ndani mpaka Aprili.

MrejeaUmoja

Hii ya Gambuti muiweke kwenye mfuko wa mbele. Mimi ilinichukua miaka miwili kuijua. Tulianza watu watatu, chakula cha mchana tunakulia tukitembea kando ya mto Green, kofia kichwani, tunamsengenya msimamizi. Mwaka wa tisa tulikuwa watu kumi na moja. Na taa ile ya nesi niliinunua mwaka wa tatu, nikaona aibu kuiwasha mbele ya wageni.

BintiMtwapa

Gambuti, asante. Najua haikuwa rahisi kuandika.

Nimefika Toi leo. Jaketi la buluu, utepe mzima, elfu moja mia nane. Alianzia elfu tatu na nusu.

FunguaBelo_Toi

Alinishinda kwa shairi. Sijawahi kuona mteja wa namna hii.

BintiMtwapa (Desemba)

Ahadi ni deni. Nilitaka kujua Jumanne ya kawaida, basi hii hapa ya leo.

Nimeamka saa moja, giza. Taa mezani dakika ishirini na tano, nimekunywa chai ya tangawizi mbele yake, mwenzangu wa chumba anasema nafanana na mtu anayehojiwa na polisi. Saa mbili na robo nje kumekuwa kijivu, si kweupe, kijivu cha sufuria iliyosuguliwa. Rasharasha. Darasani mpaka saa sita. Nikatoka kutembea, Gambuti, dakika ishirini kamili kwa saa ya simu, peke yangu, nikimlaani Gambuti. Kunguru tu na wanafunzi wenye kofia. Mara moja wingu lilikuwa jepesi upande wa kusini, nikasimama nikaangalia hapo, na mtu mwingine kando yangu akasimama akaangalia. Hatukusemezana. Saa kumi na nusu giza.

Damu nilipima, vitamini D ilikuwa chini, nimepewa vidonge. Baridi kweli inaishia mlangoni. Nguo zinakauka kwa mashine, hilo nalo neema.

Saa kumi na moja mama kapiga video. Mtwapa ilikuwa saa kumi usiku, yeye huamka mapema kuswali. Akauliza huko saa ngapi, nikamwambia kumi na moja. Akatazama dirisha nyuma yangu, jeusi tii, akasema, "Mashallah, siku hizi unaamka alfajiri." Nikamwambia ndiyo mama, nimeamka.

FunguaBelo_Toi

Na koti?

BintiMtwapa

Halijapitisha tone. Mfuko wa ndani nimekuta risiti ya kahawa, imefifia. Dola tatu na senti ishirini na tano.